Ubao wa Baba na Kisima cha Mchanga Mweupe

Jamani wenzangu, nimechoka. Kila ninayekutana naye njiani ananishika kanga: "Ehe, Mwanaidi, Mchina alisemaje?" Nikianza kusimulia, mwenye mtoto anayelia anaondoka katikati, mwenye chungu jikoni anakimbia, na kesho yake wote wanarudi wanataka nianze upya. Basi nimeketi na kalamu. Marehemu mume wangu hakuniachia ng'ombe, aliniachia kusoma na kuandika, na leo nautumia urithi wangu. Mambo ya nauli na vibali sitayaandika, hayana utamu. Msiojua kusoma someweni, lakini someweni mpaka mwisho, kisha mfunge midomo. Kwa nini mfunge, mtaona wenyewe.

Kabla ya kutoka Handeni

Mnaotujua mtanivumilia kidogo, maana karatasi hutembea, na huenda ikafika kwa mtu asiyetujua.

Baba yetu alikuwa Mchina. Zama za Mjerumani aliletwa kwa meli pamoja na wenzake kulima tumbaku huko bonde la Pangani. Wengine walikufa kwa homa, wengine walirudishwa kwao. Yeye hakurudi, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwona mama. Akasilimu, akaitwa Hasani, akafyeka pori nje ya Handeni akalima. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na kazi yake ilikuwa nyingi. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipofika, homa ilimchukua. Mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji, mdogo wangu Zaina alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Juu ya mlango alituachia ubao wa mninga, upana wake kama ungo, aliouchonga mwenyewe kwa kisu. Katikati pana duara. Nusu ya duara ni nyeusi kwa masizi, nusu ni nyeupe kwa chokaa, na mpaka wao haukunyooka, umepinda kama nyoka anayelala. Ndani ya nyeusi pana nukta nyeupe, na ndani ya nyeupe pana nukta nyeusi, kama macho. Kuzunguka duara kuna mafungu ya mistari mifupi, mingine mizima, mingine imekatika katikati.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima binti wa mkulima. Aliutazama ubao akaona shamba. Na kweli, ukisimama kwetu pale juu, unaona kijito kinapita kimepinda vilevile. Upande mmoja ni mbuga ya udongo mweusi, upande wa pili ni mchanga mweupe. Katikati ya mbuga kuna kisima, na hapo peke yake mchanga ni mweupe. Katikati ya mchanga wangu kuna kichuguu cha udongo mweusi, ukipanda boga unavuna mpaka unachoka. Mistari ile mama akasema ni ua: mizima ni miiba, iliyokatika ni milango. Wazee walikuja, wakatazama ubao, wakatazama shamba, wakasema Hasani alikuwa fundi.

Kwa hiyo mama alipofariki tuligawana kwa ubao. Mimi mkubwa nikapata upande mweupe pamoja na lile jicho jeupe lililo kwa mwenzangu, yaani kisima. Zaina akapata upande mweusi pamoja na jicho lake lililo kwangu, yaani kichuguu. Mvua iliponyesha hapakuwa na neno. Ukame ulipoingia na kijito kikakauka, Zaina alizungusha miiba kisimani akasema, "Kisima kiko shambani kwangu. Anayetaka maji aje aombe, sitamnyima."

Niombe kilicho changu? Nami nikapanda mkonge kuzunguka kichuguu. Tangu siku ile Zaina hakunipa shikamoo. Mnajua uzito wake. Mtu niliyembeba, niliyemtafunia muhogo, anapita mbele yangu kama anapita mbele ya kisiki. Siku moja alikwenda mpaka kwa mjomba ulikohifadhiwa ubao, akaanza kuukata kwa msumeno ili achukue nusu yake. Mjomba akamnyang'anya, lakini kovu likabaki.

Ikabidi twende kwa zumbe, mtawala wetu wa hapa. Mbuzi wangu walikuwa wanakufa, na wajukuu nawaogesha kwa kitambaa cha maji. Zumbe aliutazama ubao huku na huku, akasema, "Mnaapa kwa kitu msichokijua. Nasikia Korogwe kuna Mchina. Nendeni mkamwulize. Nendeni wote wawili, maana mmoja akienda, mwingine atasema ameongopewa. Na ubao mbebe wote."

Handeni mpaka mto Pangani

Tulipanda lori lililobeba ngozi za ng'ombe. Harufu yake sitaieleza, nyinyi ni watu mnaokula. Mimi nilishika ubao upande huu, Zaina upande ule, na katikati yetu aliketi mfanyabiashara wa ngozi, Mzee Kibwana, mtu mpole wa Kizigua asiyejua ameketi wapi.

"Baba," Zaina akamwambia, "mwambie huyo mama ubao unaniumiza goti."

Mzee Kibwana akanigeukia. "Anasema ubao unamwumiza goti."

"Mwambie goti lake liko chini ya mali ya watu."

Akamgeukia. Aliendelea hivyo mpaka shingo ikamchoka, akasema, "Nyinyi ni wake wenza?"

"Ni ndugu," tukasema wote kwa pamoja, kisha kila mmoja akakasirika kwa kuwa tumesema pamoja.

Rejeta ilichemka kabla hatujafika mtoni. Dereva alikwenda kutafuta maji kwa miguu na hakurudi upesi. Tuliketi kando ya barabara, ubao tumeuegemeza kwenye tairi. Mmasai mmoja akapita na ng'ombe zake, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya ubao akautazama kwa makini. Kiswahili alikuwa nacho kidogo.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Tukamwambia si ng'ombe. Hakukubali. Alituonyesha kwa fimbo mahali baka jeusi la ubavuni linapoishia na jeupe linapoanzia, akamsifu sana mwenye ng'ombe, akaenda zake.

Njaa ikauma. Mimi nilikuwa na karanga za kukaanga, Zaina alikuwa na muhogo wa kuchemsha, na kila mtu anajua muhogo bila karanga unakaba koo. Tulikula kila mtu chake tumegeuziana migongo. Mzee Kibwana alitutazama, akaomba karanga kidogo kwangu, akaomba muhogo kidogo kwa Zaina. Kisha karanga alizopewa na mimi akampa Zaina, na muhogo aliopewa na Zaina akanipa mimi. Yeye mwenyewe hakula kitu. Nilikula muhogo ule nikajua chumvi ni kipimo cha mama.

Manundu

Korogwe tulifika jua linateremka, tukapokelewa Manundu kwa Mama Anjelina, ambaye mume wangu alifanya kazi na baba yake relini. Wazazi wake walikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, yeye amezaliwa hapahapa. Ni Mkristo, ana msalaba ukutani, na alipojua sisi ni Waislamu alikwenda kuazima chungu kipya kwa jirani ili tusiwe na wasiwasi. Alitupikia ugali na mchicha, akatupa chumba kimoja na kitanda kimoja. Hatukuwa na uso wa kumwambia tunahitaji viwili.

Zaina alimwamkia shikamoo. Akamwamkia shikamoo mama mkwe wa mwenyeji wetu. Akamwamkia shikamoo mlevi mmoja aliyepita uani akitafuta kofia yake. Mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Mama Anjelina alipouona ubao alishika tumbo lake. "Hawa ni mapacha," akasema. "Tazama walivyolala. Kichwa cha huyu miguuni kwa yule." Alikuwa amezaa mapacha, akabaki na mmoja. Alipangusa ubao kwa upande wa kanga yake, ingawa haukuwa na vumbi, na hatukumwambia habari ya shamba.

Kuhusu Mchina hakuwa na shaka. "Mchina yuko Mkumbara. Kila mtu anamjua Mchina wa Mkumbara."

Mkumbara

Basi tukapanda gari moshi kwenda Mkumbara, ubao wetu ukisafiri kwa daraja la tatu kama mama mzito, kila mtu akimpisha. Mkonge kushoto, mkonge kulia, milima ya Usambara imesimama pembeni haiji wala haiendi.

Kumwulizia haikuwa kazi. "Mchina? Nyumba ile yenye mbuzi mweupe." Tukapiga hodi. Akatoka mtu mrefu mweusi, masharubu, kaptula ya kijeshi imefuliwa mpaka imekuwa laini.

"Tunamtafuta Mchina," nikasema.

"Ndiye mimi."

Nikamtazama. Zaina akamtazama. Yeye akaanza kucheka kabla yetu. Alikuwa Mbondei, jina lake Omari. Alikwenda vitani Burma na askari wa Kingi wa Mwingereza, akarudi na kofia pana ya majani na tabia ya kula wali kwa vijiti viwili, na watu wakamaliza kazi kwa kumwita Mchina. Hata watoto wake wanaitwa watoto wa Mchina.

Nilitaka kukaa chini nilie. Nauli imeliwa, siku zinakwenda, na mbuzi wangu kule wanalamba mawe. Omari aliona, akasema mgeni haondoki na njaa. Mkewe akatupa ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, na yeye akauweka ubao kwenye mapaja akautazama muda mrefu.

"Nimeuona huu," akasema. "Mji mmoja kule, juu ya milango ya maduka. Mengine yalikuwa yameungua, mlango umebaki na hiki juu yake."

"Maana yake nini?" Zaina akauliza.

"Sikuuliza, mama. Tulikuwa na bunduki, hatukuwa na maswali." Akanirudishia ubao. "Sasa ninayo, na hakuna wa kumwuliza. Lakini Mchina mwenyewe yupo. Yuko Vugiri, mlimani, analima kabichi. Huwa nanunua kwake nauza hapa. Mkimwona, mwulizeni na mimi, kisha siku moja mnipitie mniambie."

Tukaahidi, wote wawili.

Kupanda Vugiri

Tulirudi Korogwe, na kesho yake tukaanza kupanda. Nyinyi watu wa tambarare msinicheke. Njia ile haina adabu. Unainua mguu, unaona goti lako mbele ya pua. Migomba, migunda ya mahindi imening'inia kama nguo ukutani, na Washambaa wanakupita na mizigo kichwani huku wanazungumza, wala hawahemi.

Ubao tuliushika huku na huku kama zumbe alivyoagiza. Tulipofika mahali maji yanavuka njia, goti langu la kulia lilikataa. Nilisimama nikajifanya natazama maji. Sikutaka Zaina ajue.

Hapakuwa na mtu wa kumtumia. Hapakuwa na Mzee Kibwana, hapakuwa na Mama Anjelina. Zaina akatazama kulia, akatazama kushoto, akaugeukia mgomba mmoja mkubwa.

"Wewe," akauambia, "mwambie huyo mama akae apumzike. Goti lake lilivunjika siku aliyoanguka na mimi mgongoni, tukitoroka ng'ombe wa mjomba. Akifika juu amekufa, nani atamwamini Mchina?"

Sikujua kwamba anakumbuka. Alikuwa mdogo mno, na mimi sikumwambia kamwe. Nilikaa kwenye jiwe. Nikauambia mgomba, "Mwambie nimesikia."

Tulipoondoka, Zaina aliutwika ubao peke yake, akatangulia. Alikuwa anatembea polepole, na Zaina tangu utoto hajui kutembea polepole.

Mzee Kabichi

Vugiri wanamwita Mzee Kabichi, na jina lake la kwao wameshalisahau, yeye mwenyewe akasema hana shida. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, jicho moja limeingia ukungu, mikono yote udongo. Aliletwa na Mjerumani mmoja kama mpishi, akabaki. Mkewe Mshambaa amefariki. Alipotuona alidhani tumefuata kabichi, akaanza kututajia bei.

Zaina akafungua kanga iliyofunika ubao.

Wenzangu, yule mzee aliacha bei katikati. Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, akashika ubao kwa ncha za vidole. Alipitisha kidole kwenye ule mpaka uliopinda, kutoka juu mpaka chini, kisha akarudi kutoka chini mpaka juu. Akasema maneno ya kwao. Baba alikuwa akisema kwa sauti ile akidhani tumelala, na mimi nilikuwa sijaisikia tangu afe. Machozi yalinitoka tu, sikuyaita.

"Nani amechonga?"

"Baba yetu," nikasema.

Akatutazama, mmoja kisha mwingine, macho yetu na vipaji vya nyuso zetu, akatikisa kichwa kwamba amekubali. Kisha akauliza kama anaweza kuutundika mlangoni kwake mpaka tutakapoondoka. Akapanda kwenye kigoda akautundika mwenyewe.

Alitupikia wali na kabichi, aliyoikaanga kwa moto mkali kwa muda wa kupiga chafya mbili, ikabaki inalia menoni. Chai yake ilikuwa ya majani matupu, haina maziwa wala sukari. Zaina alidhani mzee amefilisika. Kwa huruma akafungua kipande cha sukari guru alichokuwa amekificha tangu Handeni, akakitumbukiza kwenye kikombe cha mzee. Mzee akanywa funda moja, akafunga macho kama mtu aliyemezeshwa kwinini, akasema asante. Alikinywa chote.

Ndipo tukamwambia habari ya shamba. Tulimweleza kijito, mbuga, mchanga, kisima, kichuguu, miiba na milango, tukidakiana maneno, tumesahau kwamba hatusemeshani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shamba?" akasema. "Hapana. Hii si shamba."

Nikaweka kikombe chini.

"Kwetu inaitwa taiji. Huyu mweusi ni yin. Huyu mweupe ni yang. Hii mistari pembeni, mizima ni yang, iliyokatika ni yin. Hakuna ua."

"Kipi kizuri?" Zaina akauliza. Nilikuwa nataka kuuliza hilohilo.

Mzee akatulaza kwake kwanza, na kulipokucha akatuchukua nje, akatuketisha kwenye mkeka, akatuonyesha kilima cha ng'ambo. "Kaeni. Tazameni." Akaenda kwenye kabichi zake.

Ilikuwa asubuhi ya baridi ya mlimani, mvuke unatoka mdomoni ukisema. Nilikuwa na kanga moja nzito, Zaina alikuwa na nyepesi tu. Baada ya kutetemeka kwa kitambo alisogea, nikamfunika nusu. Kilima kilikuwa na jua upande mmoja, watu wameanika maharage. Upande wa pili giza tupu, umande bado. Tulitazama. Jua likapanda. Adhuhuri mzee akaja, akasimama mbele yetu.

"Saa sita. Jua limejaa kabisa. Kivuli changu kiko wapi?"

Tukatafuta. "Chini ya unyayo wako," nikasema.

"Kidogo?"

"Kidogo sana. Kama nukta."

"Ndiyo hiyo nukta," akasema, akarudi kazini.

Alasiri upande uliokuwa na jua ulikuwa umeingia giza, na wale watu walikuwa wanabeba maharage yao kuyahamishia upande wa pili. Mzee alikuja na ubao akakaa nasi.

"Zamani, kabla mtu hajachora duara hili, palikuwa na kilima tu," akasema. "Upande wa kivuli, yin. Upande wa jua, yang. Maneno ya mtu anayetaka kujua aanike wapi. Baadaye wenye kufikiri wakaona kumbe si kilima tu. Usiku na mchana ni hivyo. Baridi na joto. Maji na moto. Mwanamke na mwanamume. Mchoro ulikuja nyuma, nyuma sana. Mwalimu wangu alisema neno ni babu, mchoro ni mjukuu. Sasa, kile kivuli cha asubuhi kimekwenda wapi?"

"Kimehama," Zaina akasema.

"Na kilima kimehama?"

"Hapana."

"Basi. Wewe umeuliza kipi kizuri. Aliyeanika maharage asubuhi angekujibu kimoja, na saa hizi angekujibu kingine." Kidole chake kikagusa kovu la msumeno pembeni ya ubao. "Nani alikata?"

"Mimi," Zaina akasema polepole.

"Ungepata nini?"

Zaina akafikiri kweli. "Kuni," akasema.

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka, tumefunikwa kanga moja kama wali ndani ya jani la mgomba. Mzee akatungoja tumalize.

Nikauliza la mwisho, maana ilibidi. "Kwa hiyo baba hakutugawia shamba?"

"Sikumjua baba yenu, mama. Sisi tunaweka hii mlangoni, mabaya yasiingie. Mtu akiwa mbali na kwao hutengeneza anachokikumbuka."

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Kama ubao si shamba, nukta nyeupe si kisima changu. Kisima kiko kwenye ardhi ya Zaina, ni cha Zaina, miiba ni halali yake. Zaina naye anapoteza kichuguu, lakini mtu hafi kwa kukosa maboga. Nilimwona amenitazama. Nikatazama kabichi.

Kurudi

Tuliteremka tumeushika ubao huku na huku. Mzee alitusindikiza mpaka kwenye maji yanayovuka njia, akatupa kabichi kila mtu moja, hakutaka chochote. Njia nzima hatukutaja kisima. Manundu Mama Anjelina akauliza, tukasema amesema mengi. Tukamwachia salamu na majibu ya Omari, amfikishie kwa mtu wa gari moshi.

Kwenye lori la kurudi hapakuwa na Mzee Kibwana, tukakosa mjumbe. Nilikuwa napanga maneno yangu ya barazani. Nilipanga kusema kweli: zumbe, ubao si shamba, kisima ni cha Zaina, nami mbele yenu wote namwomba maji. Neno "namwomba" nililirudia moyoni barabara nzima, na kila mara lilikuwa linanikwaruza kama mfupa wa samaki. Lakini nilisema litatoka.

Barazani

Mlikuwapo wengi, ila mliyoyasikia sivyo yalivyokuwa.

Ilikuwa adhuhuri. Zumbe akasema tuseme. Nikaanza kuinuka, goti likachelewa, na Zaina akasimama kabla yangu.

"Zumbe, tumemwona Mchina mwenyewe," akasema. "Ameutazama ubao. Amesema mama yetu hakukosea hata kidogo. Ni shamba. Nyeusi ni yangu, nyeupe ni ya dada. Na lile jicho jeupe ndani ya nyeusi ni kisima, na ni cha mwenye upande mweupe. Amesema hata ile mistari iliyokatika ni milango, na kwao mtu akiziba mlango wa ndugu yake ni aibu kubwa."

Nilibaki nusu nimesimama. Mnakumbuka, mlidhani ni goti.

"Mwanaidi," zumbe akaniuliza, "ndivyo?"

Nilimtazama Zaina. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameinamisha macho anatazama unyayo wake, na kile kivuli kidogo kilichokuwa chini yake. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba amesema uongo ule mbele ya watu wazima ili mimi nisiombe.

"Ndivyo, zumbe," nikasema. "Na kichuguu ni chake. Nitang'oa mkonge."

Zumbe alitutazama kwa muda. Si mjinga yule. Akasema, "Naona Mchina amefanya kazi kubwa," akafunga baraza.

Kisimani

Kesho yake alfajiri nilijitwika ndoo. Nilipofika mbugani niliona miiba iko palepale, isipokuwa upande unaoelekea kwangu. Hapo imekatwa, pengo la kupita mtu na mzigo wake, na matawi yamesukumwa kando vizuri.

Zaina alikuwa ndani, anachota. Nikaweka ndoo chini.

"Zaina, kwa nini?"

Aliendelea kuchota mpaka ndoo yangu ikajaa. Hakuwa na haraka.

"Wewe hujui kuomba, dada," akasema. "Ungekufa na kiu kwa ukaidi wako, nikose wa kugombana naye."

Kisha akaweka kata chini, akainama kidogo kama tulivyofundishwa na mama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu," nikasema, na sikuweza kuinua ndoo mpaka aliponisaidia.

Basi hayo ndiyo aliyosema Mchina, na hayo ndiyo aliyosema Zaina. Zumbe akiwauliza, ubao ni shamba na mama hakukosea. Tumeurudisha juu ya mlango, na kovu lake la msumeno. Na kusema kweli, siku hizi nikipita kwenye lile pengo na ndoo kichwani, nikamwona Zaina kule kwangu amepanda juu ya kichuguu anachagua boga, mimi mwenyewe sioni mama alikosea wapi.